Kuuliza Njia si Ujinga

Limezuka dai, nalo linapata wafuasi miongoni mwa wasomi, kwamba mtu mwenye simu ya kisasa si mgeni tena katika mji wowote. Ashukapo Nairobi kwa mara ya kwanza, husemwa, hana haja ya kumwamkia mtu wala kumwuliza. Atazame kioo cha simu, afuate mstari wa buluu, naye atafika. Kuuliza njia kumehesabiwa kuwa alama ya ushamba. Dai hili lina sehemu ndogo ya kweli na sehemu kubwa ya uongo, na uongo wake una madhara.

Sehemu ya kweli haifai kukanwa. Mwanamke aingiaye usiku katika mji asioujua, kiziwi, na msafiri asiyefahamu lugha ya wenyeji, wote wamepata katika simu kiongozi asiyewadhihaki wala kuwatoza fedha kwa hila. Anayetaka simu hizo zitupwe hawatakii wasafiri mema.

Walakini hapana budi ijulikane chombo hiki hujua nini. Setelaiti ziongozazo simu huzunguka dunia katika kimo cha kiasi cha kilomita 20,000, nazo hazioni barabara hata moja. Hutangaza saa na mahali zilipo tu. Simu hupokea habari hizo kutoka setelaiti nne au zaidi, hupima muda zilizotumia njiani, ikapata tarakimu za mahali ilipo. Picha zipigwazo kutoka angani huonyesha paa, lakini paa halisemi kama ni la shule au la zahanati. Jina la mtaa na kituo cha matatu havishuki kutoka mbinguni. Huandikwa na watu waliopita hapo kwa miguu yao.

Ushahidi uko Nairobi kwenyewe. Kibera, makao ya maelfu mengi ya watu, ilikuwa kama doa tupu katika ramani za umma hata mwaka 2009, vijana 13 wa mahali hapo walipochukua vyombo vya kupimia, wakapita vichochoroni, wakatia katika ramani shule, zahanati, vyoo na vituo vya maji. Setelaiti zilikuwa zimepita juu ya Kibera miaka mingi kabla ya hapo. Matatu nazo hufuata njia zilizokuzwa na mazoea ya madereva na abiria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walizipanda na simu mikononi, wakaandika njia zaidi ya 130. Ramani yake ilitolewa mwaka 2014.

Basi mgeni afuataye mstari wa buluu hakuacha kuuliza. Amewauliza wenyeji bila ya kuwaamkia, nao wamemjibu bila ya yeye kujua. Akimdharau mwuza mahindi wa kando ya barabara, amewadharau walimu wa simu yake.

Madhara ya dharau hiyo si haba. Mahali pasipoandikwa huhesabiwa kuwa hapapo. Mgeni hapiti, mfanyabiashara haendi, na mwenye kupanga mji hupata udhuru wa kupasahau. Tena ramani hujua siku ilipoandikwa, lakini mwenyeji hujua daraja lililochukuliwa na mvua ya jana. Wazee walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mpaka Mei 2000 serikali ya Marekani ilipunguza kwa makusudi usahihi wa vipimo ilivyowapa raia wa dunia nzima. Leo zipo pia setelaiti za Urusi, Ulaya na China, lakini hizo nazo ni nyota za wenzao.

Hapana anayetakiwa kuzima simu yake. Linalotakiwa ni kwamba atumiaye ramani akumbuke kuwa ana deni. Msomi akikuta kichochoro kisichoandikwa, akiandike. Akikuta jina limekosewa, amwulize mwenyeji, alisahihishe. Na vyuo vikuu viwafunze wanafunzi wao kutengeneza ramani za miji yao, si kuzitumia tu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kudhani kwamba hapana aliyeulizwa.