Mfupa Unapovunjika Bila ya Kuanguka

Katika Surat Maryam, Nabii Zakariya (a.s.) anamweleza Mola wake kuwa mifupa yake imedhoofika. Udhaifu huo wa uzee twaujua sote. Juma hili tunazungumza na ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo juu ya udhaifu mwingine, utokanao na maradhi.

Mfupa wenye afya huvunjika kwa kishindo, kama vile ajali ya pikipiki. Basi bibi anapogeuka tu kitandani na paja likavunjika, jamaa huanza kutafuta mkosaji. Huyu hutaja mchawi. Yule humshuku mkaza mwana kuwa amempiga mama mkwe. Dhana ya namna hiyo ni dhambi, nayo huibomoa nyumba kabla mfupa haujaunga.

Ukweli ni kwamba saratani ya matiti au ya tezi dume huweza kuenea mifupani na kuila kwa ndani. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo hadi pingili zikaporomoka. Watoto wenye siko seli huwa katika hatari zaidi ya kupata usaha ndani ya mfupa. Na mwanamke aliyekoma hedhi mifupa yake hupungua uimara. Mara nyingi mfupa hutoa onyo mapema: maumivu ya majuma mengi yanayozidi usiku, uvimbe, homa, au mwili kukonda.

Hatuwadharau wazee wetu waunga mifupa. Lakini gango hushikilia mfupa tu, haliondoi maradhi yaliyouvunja, na kuukanda huzidisha madhara. Kifungeni kiungo kisitikisike, mkampeleke mgonjwa hospitali, iwe Murgwanza au Biharamulo. Baada ya eksirei, muulizeni daktari: ni kwa nini mfupa huu umevunjika? Kama ni kifua kikuu, dawa zake hutolewa bure nchini. Kama ni saratani, huenda mkapewa rufaa ya Bugando, Mwanza.

Safari hiyo ni ndefu na ina gharama. Hapo ndipo jamaa na waumini wa msikiti wanapopaswa kuchangia nauli badala ya kuchangia maneno. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba. Na yule mkaza mwana aliyesingiziwa, aombwe radhi.