CHOKAA NI YA UDONGO, SI YA MACHO YETU

Ndugu Wafanyakazi,

Kila tulipolalamika kwamba chokaa inatuchoma, tulijibiwa, "Hiyo ndiyo kazi." Sisi tunaotunza maua hapa Kimuka twasema hiyo si kazi, ni uzembe wa wakubwa.

Chokaa ni dawa ya udongo mchachu. Huko Kiambu na Murang'a, ambako mvua nyingi imeuosha udongo mwekundu, hufaa sana. Lakini udongo mweusi wa nyanda za Kitengela mara nyingi una chembe za chokaa ndani yake tangu zamani. Je, wa shamba letu nani aliupima? Waridi hupenda uchachu kidogo, kipimo cha 6 hadi 6.5, na 7 ndiyo katikati. Chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kuvuta madini ya chuma. Majani machanga huwa manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Hapo nyapara huja juu, "Mmeyanyima maua maji!" Kibarua akakatwa mshahara kwa kosa la gunia asilolinunua yeye.

Tena chokaa si ya namna moja. Unga wa mawe yaliyosagwa huwasha macho na kifua. Ile iliyochomwa tanuruni na haijazimwa ni moto mtupu: ikikutana na jasho huunguza ngozi, ikiingia machoni yaweza kupofusha. Nasi twaitawanya kwa mikono mitupu, upepo ukivuma.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kutoa mavazi ya kinga kwa anayeshika vitu vya kudhuru. Si zawadi, ni haki.

Kwa hiyo twadai:

Kwanza, udongo upimwe kabla gunia halijanunuliwa. Maabara ya KALRO iko Kabete, si mbali.

Pili, tupewe glavu, miwani na kinga ya pua, na maji safi yawe karibu ya kuosha jicho kwa dakika 20.

Tatu, asikatwe mtu mshahara kwa ajili ya majani ya manjano. Karatasi ya kipimo isomwe kwanza mbele yetu.

Ndugu, ukiona gunia lafunguliwa na miwani haipo, usinung'unike peke yako. Mwite mwakilishi wa chama. Mmoja akikataa ataitwa mkaidi. Tukikataa sote, miwani itapatikana kabla ya saa ya chai.

UMOJA NI NGUVU.