Mbolea, Mboji na Msitu wa Misonobari

Neno mbolea limebeba mizigo miwili katika Kiswahili. Hutumika kwa samadi itokayo zizini, na vilevile kwa ile ya chumvichumvi inayouzwa kwa magunia. Yamkini mazoea haya ndiyo yanayomfanya msomaji aamini kuwa kila kiitwacho mbolea huvichangamsha viumbe vinavyoozesha majani na kuyageuza kuwa mboji. Misitu ya misonobari ya nchi za baridi yaikanusha imani hiyo.

Nchini Uswidi, nitrojeni ndicho kirutubishi kinachokosekana zaidi msituni. Wenye misitu huimwaga kwa umbo la amonia nitrati, takriban kilo 150 za nitrojeni kwa hekta kwa mara moja, na miti hunenepa kweli. Yanayotukia chini yake ni kisa kingine. Msonobari haujilishi peke yake: mizizi yake imefungamana na kuvu zinazouletea nitrojeni, nazo hulipwa sukari. Malipo hayo si haba. Mwaka 2001 Peter Högberg na wenzake walichapisha matokeo ya kubandua magome ya misonobari ili sukari isishuke mizizini. Kaboni dioksidi iliyotoka udongoni ilipungua kwa takriban nusu. Basi mti ukipata nitrojeni ya bure, huwapunja watumishi wake wa zamani. Isitoshe, kuvu zenye uwezo wa kuivunja lignini, ile inayoupa mti ugumu, hutoa vimeng'enya vichache zaidi. Majani na mizizi iliyokufa hurundikana. Katika msitu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambako nitrojeni imeongezwa tangu 1988, kaboni iliongezeka udongoni kwa sababu uozaji ulizorota. Na palipotiwa kipimo kikubwa, misonobari mingi ilikufa.

Wapo wanaolihesabu rundo hilo kuwa faida, kwa hoja kwamba kaboni iliyolala ardhini haipo angani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kuliita rundo hilo rutuba ni kupotosha lugha na sayansi kwa pamoja, kwani ni kazi iliyokwama. Fauka ya hayo, kiwanda cha mbolea hula gesi asilia kwa wingi, gharama ambayo mara nyingi husahauliwa hesabu inapofungwa.

Kuna pia swali la muda. Huko Norrliden, kaskazini mwa Uswidi, jaribio lilianza 1971 na kipimo cha juu kabisa kikasitishwa 1990. Kuvu za mizizini zilirejea, lakini baada ya takriban miaka 15. Miongoni mwa kuvu za aina hiyo zimo zinazojua kuichimbua nitrojeni iliyofungwa ndani ya mboji kongwe, na zikiichimbua, kaboni nayo huachiliwa. Anayetangaza faida leo angepaswa kueleza pia ni nani atakayeendelea kununua magunia, na kwa miaka mingapi.