Nani Arushe Ova ya Saba?

Wako wenzetu wasemao kwamba mchezo wa kuongoza timu ya kriketi katika intaneti ni kazi ya wavivu, kwa kuwa mchezaji wake hashiki mpira wala kibao, hukaa kitini tu. Mimi niliucheza likizo nzima nyumbani Ubena, katika kompyuta ya kaka yangu, na sikubaliani nao.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla ya mechi wewe meneja huandika maagizo yote: nani atangulie kupiga, nani arushe ova zipi, wapigaji wawe wakali au wavumilivu. Ukisha kuyapeleka, basi. Saa ya mechi ikifika huwezi kupiga kelele kutoka kando ya uwanja, wala kumpokonya mtu mpira.

Neno hilo la kupokonya lilinichoma. Muhula uliopita nilikuwa nahodha tulipocheza ova 20 na shule jirani. Mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili nilimpa ova ya tano, akapigwa mikimbio 14. Nikamnyang'anya mpira mbele ya watu wote, nisimpe tena. Sasa, katika mechi ya ova 20 mtu mmoja haruhusiwi kuzidi ova 4. Kwa hiyo hapana budi warushaji wawe watano. Mimi sikuhesabu. Ova za mwisho zikamwangukia mpigaji wetu ambaye hajapata kurusha maishani mwake. Tulishindwa, na hilo si kitu. Lakini yule mdogo hajaja mazoezini tangu siku ile.

Kompyuta hainionei haya. Ilinilazimisha kumwandikia mrushaji wa tano ova zake 4, nikajiuliza: atarusha lini? Katika ova 6 za kwanza walinzi wawili tu ndio waruhusiwao kusimama mbali, na wapigaji hupiga kwa nguvu. Baada ya hapo huruhusiwa watano. Kumbe nilimtupa mtoto wa watu penye moto, kisha nikamlaumu kwa kuungua!

Mtu atanijibu kwa kumtaja Maurice Odumbe. Kweli, tarehe 29 Februari 1996 huko Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, ikawatoa West Indies wote kwa 93, na nahodha Odumbe alichukua mwenyewe wiketi 3 kwa mikimbio 15. Lakini kabla hajapata hata wiketi moja, Rajab Ali alikwisha waondoa Richardson na Lara. Odumbe alikuwa na wenziwe.

Najua uwanja si kompyuta. Upepo hugeuka, mtu huumia kidole, na nahodha hana budi kubadili shauri. Hata hivyo naona manahodha wetu wote, wa kriketi na wa mpira wa miguu pia, wangeandika mpango wao usiku wa kuamkia mechi na kuusoma mbele ya timu, kila mtu ajue zamu yake, na asiondolewe kwa kosa moja.

Wangu wa mechi ya marudiano nimekwisha kuuandika. Ova ya 7, ya 9, ya 11 na ya 13 ni za yule mdogo. Karatasi nilimpa mkononi Jumatatu, nikamwomba radhi. Aliikunja, akaitia mfukoni. Bado hajanijibu.