Kijana Wako na Kazi: Fundi wa Ndege

Wazazi wapenzi wa Segese na vijiji jirani, ndege zishukazo kwa watu wa mgodi wa Bulyanhulu mmezizoea. Mtoto aionapo hutamani kuwa rubani. Ni wachache wamkumbukao fundi. Leo natusikie habari zake, maana kijana wa kidato cha pili anayewaza kuacha shule aende kwenye maduara ya dhahabu yafaa azijue na kazi nyingine, utamu wake na uchungu wake.

Kazi hii hufanyika sana usiku. Mchana ndege yatafuta fedha angani. Jioni hurudi, na zamu ya fundi huanza. Atapanda ngazi, atalala chali chini ya bawa, mikono imejaa mafuta. Akimaliza, huhesabu vyombo vyake vyote. Spana moja ikikosekana, ndege haitoki mpaka ionekane, hata abiria wakinung'unika. Kwani chuma kidogo kilichosahaulika ndani ya injini, au penye nyaya za usukani, chaweza kuua wote waliomo. Kisha huandika kila alichofanya na kutia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Likitokea jambo baadaye, karatasi itafunuliwa na jina lake litasomwa. Mwenye tabia ya kusema "hivyo hivyo yatosha" asije huku.

Njia yake ni ndefu. Hesabu na fizikia ni lazima, na Kiingereza pia, maana vitabu vya ndege vimeandikwa kwa lugha hiyo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoko Mabibo, Dar es Salaam, chafundisha matengenezo ya ndege. Lakini cheti cha chuo si ruhusa ya kutia sahihi. Kanuni za kimataifa zataka mtu awe ametimiza miaka 18, awe ametumika katika matengenezo miaka 4, au 2 kama amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa. Tena afaulu mitihani. Ndipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga humpa leseni, nayo haimruhusu kugusa kila aina ya ndege. Wakati huo mwenzake wa duarani huenda amekwisha kununua pikipiki (au amefukiwa na kifusi), naye bado awashikia wakubwa taa. Mwambieni hilo mapema.

Nafasi nazo si nyingi. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, karakana yake kubwa ilibaki Nairobi, nasi tukaanza shirika letu mwaka huo huo. Mwaka 2022 baadhi ya ndege zetu aina ya Airbus A220 zilisimama kwa tatizo la injini zitokazo ng'ambo. Uhodari wa fundi wa hapa haukuweza kuzileta.

Mwenye binti apendaye fizikia asimzuie; spana haichagui mkono.

Na wewe baba uliyeletewa karatasi ya chuo usichokijua, kinachotaka ada haraka, iandikie kwanza Mamlaka ukaulize kama mafunzo hayo yanatambuliwa. Jibu likifika, ndipo uhesabu ng'ombe.