Vumbi la Mbao si Takataka

Kabla sijatoa maoni yangu ni lazima nikiri jambo moja. Karo yangu ya kidato cha kwanza ililipwa na makaa. Mwaka huo mvua ilikataa kabisa, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti, na baba akashika shoka akaiendea migunga iliyo nyuma ya boma letu, pande za Mutomo. Kwa hivyo siandiki haya kuwacheka wachoma makaa. Ningekuwa namcheka baba yangu mwenyewe.

Lakini ukweli usemwe. Tanuri la udongo tunalotumia huku kwetu ni la hasara. Ukitia kilo 100 za kuni, unapata makaa ya kilo 10 hadi 20 tu. Mengine yote yanakwenda na moshi. Mgunga uliochukua miaka mingi kukua unamalizwa jikoni kwa majuma machache!

Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti. Mwezi uliofuata Serikali Kuu nayo ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, amri iliyokuja kuondolewa mwaka 2023. Nia ilikuwa njema, sikatai. Hata hivyo, marufuku haipiki muthokoi. Mama akikosa makaa atatafuta kuni, na kuni ni mti ule ule.

Likizo iliyopita nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu, fundi seremala huko Wote, Makueni. Siku hizi wakulima wa Kitui na Makueni wanapanda mukau, mti wa kwetu unaovumilia kiangazi na kutoa mbao nzuri. Mbao zikipasuliwa na kupigwa randa, vumbi na maranda hujaa tele. Kila Jumamosi jioni mjomba huvisukuma nyuma ya karakana akavitia kiberiti.

"Mjomba, mbona unachoma pesa?" nikamwuliza.

Akacheka sana. "Kijana wangu, hiyo ni takataka tu."

Na wakati huo huo mkewe alikuwa amemtuma mtoto dukani akanunue mkebe wa makaa!

Takataka? Kiwandani vumbi kama hilo hukaushwa, kisha likasukumwa kwa nguvu nyingi kupitia matundu madogo ya chuma. Joto linalotokea hulainisha gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, na vumbi likashikana lenyewe kuwa vijiti vigumu, vyembamba kama penseli. Hizo ndizo tembe za mbao. Katika jiko linalozifaa huwaka kwa moshi kidogo sana.

Wapo watakaosema kwamba mashine ni ghali. Ni kweli. Nchini Rwanda kampuni iitwayo Inyenyeri ilijaribu kuuza tembe mjini Gisenyi, lakini ilifungwa mwaka 2020 mtaji ulipokosekana. Tena vumbi la maseremala wetu haliwezi kutosha kaunti mbili. Lakini wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba.

Maoni yangu ni kwamba tuanze na mikono yetu. Zichukuliwe chenga za makaa zinazobaki chini ya gunia, zichanganywe na vumbi la mbao, udongo kidogo wa mfinyanzi na maji, kisha zifinyangwe madonge na kuanikwa juani siku kadhaa hadi zikauke. Vumbi likizidi, moshi nao unazidi, kwa hivyo kipimo lazima kijaribiwe. Hapo ndipo walimu wetu wa Kemia watusaidie. Tupike sufuria moja ya maharagwe kwa kuni na nyingine kwa madonge, tupime, tuone. Tukishinda, jiko la shule litapunguza kuni, nasi tutawapelekea wazazi ujuzi badala ya kuwapelekea lawama.

Baba ameacha shoka. Mwaka huu amepanda miche 20 ya mukau palepale nyuma ya boma. Itachukua zaidi ya miaka kumi kukomaa, na mimi nitakuwa mtu mzima. Mpaka siku hiyo, lazima kitu kitupikie chakula. Afadhali liwe vumbi kuliko mgunga uliobaki.