Bega Halijali Ujasiri

"Maumivu si yameisha? Rudi majini!" Ndivyo wenzangu hapa Kiyovu wanavyonihimiza tangu bega langu liteguke nikiteleza kwa ski nyuma ya boti, Ziwa Muhazi. Napinga. Kuisha kwa maumivu si kupona.

Bega si nyonga. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kishimo kifupi mno. Kinachokishikilia ni kano na misuli minne midogo. Likiteguka ukiwa kijana, mara ya pili haikawii. Na boti linapokung'oa majini, mvuto wote unapita kwenye kamba hadi mabegani.

Wananicheka nikivuta ukanda wa mpira kila asubuhi, eti mazoezi ya vikongwe. Hao hao wanamsifu jirani yetu dereva wa pikipiki, aliyeanguka akarudi barabarani baada ya wiki mbili, mkono haujainuka hata kuvaa helmeti. Ule si ujasiri, ni njaa. Yeye hakuwa na hiari. Watoto wangekula nini? Mimi ninayeweza kusubiri, nimuige kwa ajili ya mchezo?

Daktari alisema miezi 6. Imebaki miwili, na bega la kushoto bado halivuti sawa na la kulia. Sirudi.